Kinga za Magoti za Kazi na Michezo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa fundi wa vigae, fundi wa chokaa, fundi wa majahazi, mchezaji wa wavu na golikipa. Yanamhusu pia fundi cherehani au fundi viatu anayeletewa kazi ya kuwatengenezea kinga. Vipimo ni vya mtu mzima wa umbo la kawaida. Panapohitajika kupima mwili, tumeeleza namna ya kupima.

Nimenunua kinga laini kabisa, mbona goti bado linauma?

Kwa sababu kazi ya kinga ni kuutandaza uzito, na ulaini peke yake hauifanyi kazi hiyo. Chukua mtu wa kilo 70 aliyepiga magoti mawili. Kila goti linabeba kilo 30 au zaidi. Juu ya sakafu tupu uzito huo hukalia sehemu ndogo ya mfupa, tuseme sentimita za mraba 20, kwa hiyo kila sentimita inabeba kilo moja na nusu. Ukiutandaza kwenye sentimita za mraba 80, kila moja inabeba chini ya gramu 400. Uzito ni uleule, lakini goti halilalamiki.

Sponji laini ya godoro hubonyea yote mara tu goti linapotua, na ikishabonyea mpaka mwisho ni kama haipo. Dukani ukiwa umesimama unaiona nzuri. Kasoro yake unaijua ukishapiga goti robo saa.

Jaribio lake ni jepesi. Weka sarafu ya shilingi 200 sakafuni, vaa kinga, piga goti juu yake na uegemeze uzito upande huo kwa dakika mbili. Ukiihisi sarafu ilipo, hiyo haifai kwa kazi.

Nitaijuaje sponji nzuri kwa muuzaji asiyejua kinachouzwa?

Ipime kwa mizani. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 10 chenye unene wa sentimita 2. Kikiwa na gramu 4, hiyo ni sponji nyepesi ya godoro, kilo 20 kwa mita ya ujazo, na haifai kubeba goti. Kikiwa na gramu 15 hadi 25, unakaribia kinachotakiwa.

Kisha kitumbukize majini, ukibonyeze na ukiachie mara kadhaa, halafu ukitoe na ukikamue. Kikitoka maji, vitundu vyake viko wazi: kitanywa jasho, maji ya chumvi na rojo la saruji. Kisichonywa maji mara nyingi ni sponji ya EVA, jamii ya ile iliyomo kwenye soli za ndala nyingi na mikeka ya mazoezi. Mkeka wa mazoezi uliochakaa pembeni bado una kati nzima, na huo ni mtaji mzuri kwa anayeanza.

Goti lenyewe linaumia wapi hasa?

Pia ya goti, yaani ule mfupa mdogo wa mbele, ina kifuko chembamba cha majimaji mbele yake, kati ya mfupa na ngozi, kinachoifanya ngozi iteleze. Kikisagwa kila siku huvimba. Ndio ule uvimbe laini unaoota mbele ya goti kwa mafundi waliopiga magoti miaka mingi. Chini ya pia kuna kinundu cha mfupa wa ugoko, nacho kina kifuko chake. Mtu akikalia visigino vyake, mara nyingi uzito huhamia hapo. Kwa hiyo kinga inayofunika pia peke yake ni nusu kinga. Lazima ishuke sentimita 8 hadi 10 chini ya pia.

Ujue pia mpaka wa kinga. Inapunguza mgandamizo wa mbele, lakini haiondoi madhara ya kukunja goti mpaka mwisho kwa saa nyingi, kwa sababu hayo yako ndani ya kiungo. Inuka kila dakika 20 au 30, nyoosha miguu, ubadilishe kazi kidogo. Goti likivimba na kuwa jekundu na la moto, likikwama lisinyooke, au uvimbe ukifuatana na homa, nenda hospitali. Usilifunge kinga ukaendelea.

Kinga ya kazi naweza kuchezea mpira?

Hapana, na ya mpira usiendee kwenye vigae. Kazini goti linabeba uzito wa kimya kwa saa nzima, kwa hiyo kinga inataka sponji imara isiyochoka, yenye uso mpana, na unene wa milimita 20 hadi 25. Mchezoni linapigwa mara moja kwa nguvu kisha linainuka na kukimbia, na hapo inatakiwa sponji inayolimeza pigo, nyepesi, milimita 10 hadi 18, inayokunjika pamoja na mguu. Mchezaji akivaa ya kazi hukimbia kama amefungwa gango. Fundi akivaa ya wavu, mpaka adhuhuri sponji imelala chapati.

Nitalikata vipi umbo lake likae bila kujikunja?

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kupima mguu ukiwa umenyooka. Goti likikunjwa, ngozi ya mbele hurefuka kwa sentimita kadhaa. Kinga iliyokatwa bapa kwa mguu ulionyooka huinuka kingo, ikaacha pengo juu na kukata chini.

Kaa kitini, kunja goti pembe mraba, kama ukuta unavyokutana na sakafu. Zungushia karatasi ya gazeti mbele ya goti, ibandike kwa selotepu ifuate umbo, kisha chora mipaka: sentimita 9 juu ya kati ya pia, sentimita 13 chini yake, na upana wa sentimita 16. Karatasi itakuwa na mikunjo pembeni. Mikunjo hiyo ndiyo ramani yako. Ikate iwe mianya ya umbo la V, kwa kawaida miwili kila upande, uhamishie kwenye sponji. Mianya ikitiwa gundi kingo zake zikakutana, sponji inakuwa bakuli lenyewe.

Njia nyingine kwa EVA ni moto. Hulegea karibu na nyuzi 80 hadi 100. Itie kwenye maji yaliyokwisha chemka dakika mbili au tatu, itoe kwa koleo, uifinyange juu ya nazi iliyofuliwa au chungu cha ukubwa huo, uifunge kitambaa mpaka ipoe. Usiifinyange juu ya goti lako.

Nipeni hatua za kutengeneza jozi moja ya kazi.

Tayarisha sponji imara ya EVA ya milimita 12, vipande viwili vya sentimita 24 kwa 18. Sponji laini zaidi ya milimita 10, vipande viwili vya ukubwa huo. Turubai au jinzi nzito, nusu mita. Lastiki ya upana wa sentimita 5, mita moja na nusu. Velkro ya upana huo, sentimita 40. Gundi ya viatu. Uzi wa nailoni. Na sindano ya cherehani namba 18. Ukishona kwa mkono, tumia msharasi.

Kata tabaka zote nne kwa ramani ya gazeti. Kwenye sponji laini tu, toboa tundu la duara la sentimita 6 mahali pa pia. Tundu hilo linaipumzisha pia na kuupeleka uzito pembeni na chini, penye nyama. Kingo zake zikate kwa mshazari. Zikibaki wima zitaacha alama ya duara gotini na baada ya saa moja zitauma kuliko sakafu.

Sugua nyuso kwa msasa, upake gundi pande zote mbili, usubiri dakika 10 hadi 15 mpaka isinate kidoleni, ndipo ubandike. Wengi hubandika ikiwa mbichi. Hewa ya gundi hunaswa ndani, na wiki ya pili tabaka zinaachana. Sponji laini iwe upande wa ngozi, ngumu upande wa sakafu. Ukizigeuza, ngumu itabana mfupa na laini itabonyezwa bure. Acha siku nzima, usiweke juani.

Shona mfuko wa turubai wenye mdomo upande wa juu, ili sponji itolewe mfuko ukifuliwa. Mshono wote uwe kingoni, hata mmoja usipite katikati, maana uzi unaolala chini ya goti ni kama kipande cha kamba.

Mikanda iwekwe wapi? Yangu inaniacha na ganzi.

Mkanda wa juu ukae sentimita 6 au 7 juu ya pia, wa chini uwe chini ya kivimbe cha shavu la mguu au ukipanda kwa mshazari. Usipitishe kitu kwenye pindi la nyuma ya goti. Pana mishipa ya damu, tena ndipo panapokunjika.

Ganzi ya juu ya unyayo au ubavu wa nje wa mguu ina sababu yake. Upande wa nje, chini kidogo ya goti, kuna kichwa cha mfupa mwembamba unachoweza kukigusa kwa kidole. Mshipa wa fahamu unaoinua unyayo unapita hapo, juujuu kabisa. Mkanda ukiubana kwa saa nyingi, mguu hufa ganzi, na ukiendelea unyayo unaweza kushindwa kuinuka. Hamisha mkanda ushuke, wala usingoje uzoee.

Kwa urefu, pima mzunguko wa mguu hapo mahali goti likiwa limekunjwa, chukua asilimia 85 hadi 90. Mzunguko wa sentimita 40 unataka lastiki ya 34 hadi 36, velkro ikiwa ndani ya hesabu. Vidole viwili vipite chini ya mkanda ukiwa umepiga goti. Ukipima umesimama tu, utabana ukishakaa. Lastiki ya sentimita 2 na nusu ni rahisi kupata lakini hukata nyama. Kwa kazi ya kutwa, ipite.

Ganda gumu nje lina faida?

Inategemea sakafu. Kwenye kokoto, jiwe la matumbawe lililovunjwa, vipande vya mbao na misumari kama katika kazi ya majahazi Nungwi, Zanzibar, ganda linaokoa. Kwenye vigae vipya linateleza, tena chembe moja ya mchanga ikikwama chini yake inachora kigae cha watu. Hapo tumia mpira wa tubu ya lori, ukwaru wake unashika sakafu.

Ganda zuri hukatwa kwenye pipa la plastiki la maji, unene wa milimita 2 hadi 3. Kumbuka plastiki hiyo haikubali gundi ya kawaida hata uisugue. Itoboe kingoni uishone, au uipige ribiti, na vichwa vya ribiti vikae ubavuni visikokanyaga sakafu. Ganda lisiwe duara mno, kwani goti litabingirika na mgongo utafanya kazi ya kuusawazisha mwili siku nzima. Lipashe moto ulibonyeze mbele liwe bapa, upana wa kiganja.

Nafanya kazi ya saruji na chokaa. Kuna hatari gani?

Kubwa, na watu wengi hawaijui. Saruji mbichi ina ukali wa pH 12 hadi 13, na chokaa iliyozimwa haiko mbali na hapo. Vyote viwili huunguza ngozi kama magadi makali. Fundi anayesawazisha zege akiwa amepiga magoti, au anayepaka chokaa nyumba za Mji Mkongwe, rojo hupenya kitambaa, likanywewa na sponji, likafungiwa juu ya ngozi kwa saa kadhaa. Mwanzoni haliumi sana. Jioni akivua anakuta ngozi imegeuka rangi au imefanya vidonda, na vidonda hivyo huweza kwenda chini sana.

Kwa kazi hii mfuko wa turubai haufai. Tumia EVA isiyonywa maji iliyofunikwa mpira, vaa suruali isiyopitisha maji ndani yake, na kwa zege pana piga goti juu ya ubao badala ya kuzama ndani ya rojo. Weka ndoo ya maji safi karibu. Kinga ikilowa ndani, vua hapo hapo. Usiseme utamaliza kwanza kipande kilichobaki. Ngozi iliyoguswa ioshe kwa maji mengi yanayomiminika, dakika 20 au zaidi, na vua nguo zilizolowa. Usipake ndimu wala siki kwa nia ya kuua ukali. Ngozi ikiwa imebadilika rangi au imefanya malengelenge, hospitali siku hiyo hiyo.

Joto na jasho je? Napata harara nyuma ya goti.

Nyuma pawe wazi. Kinga ya soksi inayozunguka mguu wote ni ya mazoezi ya saa moja au mbili. Kwa kutwa, hasa miezi ya kaskazi, tumia ya mikanda. Ndani weka kitambaa cha pamba kinachotoka ukakifua kila siku, viwe viwili vya kupokezana. Ukiona miwasho yenye kingo za duara, hiyo huenda si harara tena, ni fangasi. Itibu, na ukaushe kinga kabisa kabla ya kuirudia.

Wakulima wa mwani wazivae?

Ndani ya maji hazisaidii sana. EVA inaelea, inapanda mguuni, na mchanga unaingia kati yake na ngozi ukasugua kama msasa. Kazi ya Paje, Jambiani na mashamba ya Pemba kwa sehemu kubwa ni kuinama na kuchuchumaa. Kinachosaidia ni kibao cha kukalia au kupigia goti wakati wa kufunga mbegu kwenye kamba nchi kavu: sponji ya milimita 30, sentimita 40 kwa 25, ikifunikwa turubai, na kishikio cha kamba. Mtu hajifungi kitu, na wawili wanapokezana.

Kinga ya wavu inashuka kila ninaporuka. Sababu?

Ama ni kubwa, ama lastiki imekufa, ama umeivaa juu ya nguo inayoteleza. Pima mzunguko katikati ya pia na sentimita 10 juu yake. Ya juu ndiyo inayoishika kinga isianguke. Kwa wachezaji wanaovaa taiti ndefu chini ya bukta, ivae kinga ngozini na taiti ipite juu yake. Ikibidi iwe juu, shonea ndani ya ukingo wa juu utepe mwembamba wa mpira wa tubu, upana wa sentimita moja, usiozunguka mguu wote, nusu yatosha.

Kwenye uwanja wa saruji kitambaa cha nje hutoboka upande mmoja, ule unaoangukia. Shonea kiraka cha jinzi mapema, usingoje tundu. Golikipa wa nyasi bandia au uwanja mkavu anahitaji zaidi kinga ya kuchubuka: sponji ya milimita 8 hadi 10 ndani ya suruali ndefu yamtosha, na ishuke mpaka ubavu wa nje wa goti, maana ndio unaotua kwanza.

Navaa dera au baibui kazini. Ndani au nje?

Ndani, juu ya suruali nyepesi. Ukifunga nje, nguo hujikusanya chini ya kinga ikafanya mikunjo inayobana, na ukiinuka inakuvuta. Njia nzuri kuliko zote ni suruali yenye mifuko ya goti. Fundi cherehani asiweke alama umesimama. Vaa suruali, piga magoti, mtu mwingine achore kwa chaki pale goti linapogusa sakafu, na mfuko uzunguke alama hiyo.

Mzee wetu magoti yanamuuma akisali. Avae kinga?

Ya mikanda itamsumbua kuinuka na kukaa. Mwekee kipande cha EVA cha milimita 15, sentimita 50 kwa 30, chini ya msala upande wa magoti tu, mahali pa kusujudia pabaki pagumu. Masuala ya fiqhi amuulize sheikh wake, na maumivu yenyewe yaonwe na daktari.

Naweza kuvaa hizi kwenye pikipiki?

Usithubutu. Kinga za pikipiki Ulaya hupimwa kwa kiwango kingine, EN 1621-1, kinachopima pigo zito. Sponji ya fundi vigae haikutengenezwa kwa anguko la barabarani, na mikanda yake huzunguka mguu ikaliacha goti wazi.

Alama za EN 14404 kwenye kinga za mtumba maana yake nini?

Ni kiwango cha Ulaya cha kinga za kupigia magoti kazini. Aina ya 1 hufungwa mguuni, ya 2 huingia mfukoni mwa suruali, ya 3 ni mkeka au kibao, ya 4 ni sehemu ya kifaa kikubwa zaidi. Daraja la 0 ni la sakafu bapa, bila ahadi ya kuzuia kitu chenye ncha. La 1 hustahimili ncha kwa nguvu ya nyutoni 100, karibu na uzito wa kilo 10. La 2 nyutoni 250, kwa mazingira magumu. Fundi jahazi atafute 2, wa vigae 1 yamtosha. Lakini alama haijui umri. Sponji ya mtumba ibonyeze kwa dole gumba: ikibaki na shimo au ikitoa unga, iache hapo hapo sokoni Darajani.

Nizitunze vipi, na nizitupe lini?

Fua kwa maji baridi na sabuni ya kawaida, suuza chumvi yote, anika kivulini. Jua kali na joto la nyuma ya kioo cha gari hulegeza gundi na kukausha lastiki. Velkro ifunge kabla ya kufua. Iliyojaa mchanga na nyuzi ichambue kwa mswaki mkavu.

Siku ya kwanza andika unene kwa kalamu pembeni ya sponji. Ipime kila mwezi asubuhi kabla ya kazi, si jioni ikiwa bado imebonyea. Ikishapoteza robo, yaani ya milimita 22 ikabaki 16 hivi, badilisha sponji peke yake. Mfuko na mikanda vinaweza kukaa na sponji ya pili, hata ya tatu, na ndiyo maana tukasema mdomo wa mfuko uachwe wazi.